Jinsi ya kutunga dansi kutokana na mwenendo wa umati: mwongozo kamili, kuanzia geti la pantoni hadi siku ya onyesho

Dansi nyingi zinazoitwa za umati hukwama mahali pamoja. Mtunzi anawafundisha watu kumi na wawili stepu zilezile, wanazicheza kwa wakati mmoja, halafu anasema huo ni umati. Hilo ni gwaride. Kwenye umati hakuna anayejua stepu ya mwenzake. Kila mtu ana safari yake, mzigo wake na haraka yake, na ile sura tunayoiona tukiwa juu ghorofani inatokana na maamuzi madogo madogo ambayo hakuna aliyeyapanga. Ukitaka dansi yako ifanane na umati, tafuta kanuni ambayo kila mtu anaifuata bila kujijua, mpe dansa kanuni hiyo, kisha mwache aifuate.

Mfano nitakaoutumia ni kivuko cha Magogoni na Kigamboni, Dar es Salaam, ambako watu huvuka maji kwa pantoni, yaani feri. Aliyeko Mombasa ana feri ya Likoni, wa Nairobi ana stendi za matatu, wa Unguja ana Darajani asubuhi. Njia ni ileile.

Hatua ya 1: Chagua mahali penye mlango

Usikimbilie mahali penye watu wengi kuliko pote. Kariakoo imejaa, lakini ina hadithi mia kwa wakati mmoja na utatoka na daftari lililojaa vurugu. Tafuta mahali penye kizuizi: geti, mlango, ngazi, daraja jembamba. Watu wakikutana na kizuizi ndipo tabia zao zinapojitokeza.

Pantoni ina faida nyingine: ina mwanzo, katikati na mwisho. Watu wanasubiri, geti linafunguliwa, wanaingia, wanavuka, wanashuka, wanatawanyika. Mtunzi anapewa muundo wa onyesho bure. Vituo vya mwendokasi, mabasi yaendayo haraka yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016, navyo vinafaa, hasa Kimara asubuhi watu wakienda kazini. Daladala ni tamu zaidi kwa mtu mwenye jicho kali, kwa sababu mlango wenyewe unatembea: abiria wanakisia basi litasimama wapi na wanaanza kukimbia kandokando yake kabla halijasimama.

Hatua ya 2: Tazama, na andika vitenzi

Nenda saa za watu kuwa wengi, kisha urudi mahali pakiwa pamepoa. Tazama ukiwa mahali pa juu kama papo, tazama ukiwa pembeni, halafu ingia katikati na usafiri kama abiria mwingine. Kutoka juu utaona maumbo. Ukiwa ndani utayahisi mabega.

Daftarini usiandike "wana haraka" au "wamechoka". Huwezi kumpa dansa neno "haraka" ukapata kitu cha maana; atakimbia tu. Andika kilichofanywa na mwili: anahamisha begi kutoka mgongoni kuja kifuani, anainua kisigino, anageuza bega la kushoto mbele, anatazama simu isiyo na ujumbe.

Chukua dakika chache kabla ya geti kufunguliwa. Hakuna kengele iliyolia. Mama aliyekuwa amekaa juu ya ndoo yake anasimama, anajifunga kanga upya, anajitwika ndoo. Kijana aliye karibu naye hata hajamtazama, lakini begi lake linakuja kifuani. Baba anamnyanyua mtoto na kumweka kiunoni. Aliyekuwa anakula karanga anaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Haipiti dakika, kundi zima limesimama na limesogea hatua mbili mbele, na pantoni bado iko majini. Ishara imepita mwili kwa mwili bila neno. Kama ungeondoka siku hiyo na kitu hicho kimoja, una dansi.

Pima pia. Mtu mzima anayetembea bila kuzuiwa huenda takriban mita 1.3 kwa sekunde, na mwendo hushuka kadiri watu wanavyoongezeka. Chagua eneo unaloweza kulikadiria, mfano vigae au mistari ya sakafuni, uhesabu watu waliomo kwenye kila mita moja ya mraba. Angalia pia umbali kati ya mtu na mtu. Mwanaanthropolojia Edward T. Hall, katika maelezo yake ya mwaka 1966, aliweka sentimita 45 kuwa mpaka wa eneo ambalo Wamarekani aliowachunguza waliliachia watu wa karibu sana. Kwenye foleni ya pantoni mpaka huo unavunjwa kila asubuhi na watu wasiojuana, na namna wanavyolipia uvamizi huo ndiyo mali yako: wanakwepesha macho, wanageuza kifua pembeni, wanaweka mfuko katikati kama ukuta.

Kuhusu kamera, mimi ni mkali. Usirekodi sura za watu. Kivuko kiko chini ya wakala wa serikali na kina walinzi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Zaidi ya hapo, video inakufanya mvivu: unarudi nyumbani na kuiga ulichokiona badala ya kuelewa kwa nini kilitokea. Kalamu inatosha.

Hatua ya 3: Geuza ulichoona kuwa kanuni

Mwaka 1987 mtaalamu wa kompyuta Craig Reynolds alionyesha kuwa kundi la ndege kwenye skrini linaweza kuruka kama kundi halisi kwa kanuni tatu tu kwa kila ndege: asigongane na jirani, aelekee wanakoelekea jirani zake, asiachane na kundi. Hakuna ndege kiongozi, hakuna ramani. Ukiwapa madansa kanuni tatu hizo na uwanja mtupu, utashangaa wanavyoanza kupinda kona pamoja.

Umati wa watu una mambo zaidi kidogo. Kanuni nilizozitoa kwenye foleni ya pantoni ni hizi:

- Jirani akisimama, hesabu pumzi tatu, kisha simama nawe. Usimtazame.
- Nafasi ikitokea mbele yako, ijaze hata kama huna pa kwenda.
- Ukiguswa bega, punguza mwendo nusu. Ukiguswa mgongo, ongeza.
- Mfuate mgongoni yule anayekwenda unakokwenda.
- Linda kitu kimoja: begi, mtoto, ndoo, simu. Usikiachie hadi mwisho wa onyesho.
- Mara moja tu katika onyesho zima, vunja kanuni yoyote utakayo.

Hiyo ya mwisho usiifute. Bila mtu anayesimama ghafla katikati ya njia kumpigia mwenzake simu, umati unakuwa mashine.

Kila kanuni iwe fupi kiasi cha mtu kuikumbuka akiwa anahema. Zikizidi saba, madansa wataanza kufikiri na miili itakauka.

Hatua ya 4: Pata watu

Chini ya watu tisa, mtazamaji huona watu binafsi, haoni kundi. Kumi na wawili wanatosha. Ishirini ni neema ukiwa na nauli ya kuwalipa. Changanya umri na maumbo. Kundi la vijana wote wembamba wenye miaka 22 linaonekana kuwa darasa la dansi, na hakuna aliyewahi kuliona kwenye foleni.

Waliosoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, au wanaotoka kwenye vikundi vya ngoma watakupa stamina na sikio la mdundo. Lakini chukua pia watu wasio madansa. Marekani, mwaka 1967, Steve Paxton alitunga kazi ya makumi ya watu ambao kazi yao ilikuwa kutembea, kusimama na kukaa basi, na uzuri wake ulitokana na kila mtu kutembea mwendo wake mwenyewe. Dansa mzoefu huona shida hapo; ukimwambia atembee tu, anaanza kutembea vizuri. Muweke karibu na mama wa miaka hamsini anayejua kweli kubeba ndoo, na usimwambie lolote. Atajirekebisha.

Hatua ya 5: Mazoezi

Hapa ndipo penye kazi. Kabla ya yote kubalianeni neno la kusimamisha. Nasi tunasema "Tuli!" Yeyote anaweza kulisema, na likisemwa kila mtu anasimama na kurudi nyuma hatua moja bila kuuliza. Lifanyieni mazoezi hadi liwe kama kupepesa jicho.

*Kamba inayopungua.* Chora kwa chaki mraba wa mita 8 kwa 8. Watu 12 watembee ndani bila kugusana, wakijaza nafasi tupu. Kila baada ya dakika tatu, wasaidizi wapunguze eneo kwa kamba: mita 4 kwa 4, kisha 3 kwa 3, kisha 2 kwa 2. Kwenye mraba wa mwisho mna watu watatu kwa kila mita ya mraba. Mwanzoni wanatumia macho kukwepana. Katikati wanatumia mabega. Mwishoni wanatumia pumzi, na mwendo umebaki wa sentimita chache. Hapo usizidishe. Umati unaosogea huanza kuwa wa hatari unapofika watu wanne au watano kwa mita ya mraba, kwa sababu mtu hana tena uwezo wa kuchagua mguu uende wapi. Watatu wanatosha kuonekana kama kumi kwa mtazamaji aliyesimama pembeni.

*Mikondo miwili.* Chora njia ya upana wa mita 3. Sita watoke huku, sita watoke kule. Usiwaelekeze wapishane vipi. Baada ya kurudia mara kadhaa wataanza kujipanga mistari wenyewe, kila mtu akijificha nyuma ya mgongo wa anayekwenda naye, kama inavyotokea kwenye njia yoyote yenye watu wa pande mbili. Mistari ikishajitokeza, mwambie mmoja asimame katikati afunge kamba ya kiatu. Tazama mistari inavyovunjika, na inavyojirudisha bila amri.

*Geti.* Watu wawili wasimame kama nguzo, nafasi ya sentimita 80 kati yao. Usitumie meza wala ukuta. Mtu hukwepa, ukuta haukwepi. Wote 12 wapite kwa adabu, na upime muda kwa simu. Kisha wapite kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza, mikono ikiwa imekunjwa mbele ya kifua ili mbavu zipate nafasi ya kupumua. Muda unaweza kuongezeka: mabega yanabanana, kundi linajikunja upinde mbele ya nguzo, na hakuna anayepita. Dirk Helbing na wenzake waliuonyesha mkwamo huu kwa hesabu za kompyuta mwaka 2000. Wahenga walishaumaliza kwa maneno manne, haraka haraka haina baraka.

Sasa angalia upinde unavyofunguka. Kila mara kuna mtu mmoja anayerudisha bega nyuma, kidogo sana, upana wa kiganja. Yeye ndiye anayeufungua mlango, na yeye ndiye anayepita wa mwisho. Waulize madansa ni nani. Mara nyingi hawajui, na huyo mwenyewe hajui. Rudieni hadi kila mmoja amekuwa yeye angalau mara moja. Onyesho langu lote ningelijenga juu ya bega hilo.

*Kutazama juu.* Zoezi jepesi la kumalizia. Mmoja anatazama kitu hewani, wengine wanamfuata mmoja mmoja. Stanley Milgram na wenzake walilijaribu mtaani New York na kuchapisha matokeo mwaka 1969: mtu mmoja akitazama dirisha la ghorofa ya 6, karibu asilimia 4 ya wapita njia walisimama, walipokuwa 15 wanaotazama, asilimia 40 walisimama. Kumbuka namba hizo, utazihitaji siku ya onyesho.

Hatua ya 6: Panga dakika

Mpangilio wangu ni wa kama dakika 24. Kusubiri, 8. Ishara ya kusimama, 2. Geti, 3. Majini, 6. Kushuka na kutawanyika, 5.

Watu watakuambia dakika nane za kusubiri ni nyingi. Wakatalie. Geti bila kusubiri ni kusukumana tu. Mtazamaji hajaonja njaa ya kuondoka, kwa nini ajisumbue? Ila kusubiri kwenyewe kujazwe mambo madogo: mtu anapiga miayo na miayo inasafiri, wawili wanagombea kivuli cha nguzo, kivuli kinahama, wote wanahama nacho.

Sehemu ya majini ndiyo ya dansi hasa. Waliosukumana sasa wamesimama bega kwa bega, na chombo kinawayumbisha wote kwa mdundo mmoja. Hapa, na hapa tu, waruhusu wafanane. Baada ya dakika 13 za kila mtu na lake, kuyumba kwa pamoja kunaleta msisimko ambao stepu za pamoja tangu mwanzo zisingeuleta kamwe. Kisha, kabla chombo hakijagusa gati, mmoja anaanza kusogea kuelekea mlangoni.

Sehemu hii inataka heshima. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 200 walikufa. Machi 2021, msongamano wa waombolezaji Uwanja wa Uhuru hapa Dar es Salaam uliua watu 45. Kati ya watazamaji wako anaweza kuwepo aliyefiwa. Usichezeshe kuzama wala kukanyagana ili upate makofi.

Sauti

Anza na nyayo, ndoo, sarafu, kikohozi, wito wa muuza maji. Ukihitaji ngoma, jifunze kwa mdundiko wa Wazaramo, ngoma inayotembea mtaani na watu wakiifuata nyuma. Wapigaji wakikaza, mtaa mzima unakaza mwendo. Waweke wapigaji wako katikati ya kundi, wasikae pembeni kama bendi, na mwendo wa umati utakuwa mikononi mwao. Muziki wa kurekodiwa kwenye spika kubwa unawageuza madansa kuwa watumishi wa wimbo, achana nao.

Hatua ya 7: Mahali na vibali

Usichezee kwenye geti halisi la kivuko. Watu wana safari zao, na msongamano wa kuigiza juu ya msongamano wa kweli ni kutafuta balaa. Tafuta uwanja wazi wenye wapita njia lakini wenye pa kukwepea: bustani, mbele ya soko jioni, ua wa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni mtaa wa Shaaban Robert, au Nafasi Art Space Mikocheni ukitaka kuanza na watazamaji wapole.

Kikundi kiwe kimesajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na onyesho liwe na kibali. Anza kwa Afisa Utamaduni wa manispaa, yeye atakuelekeza. Zanzibar mamlaka ni BASSFU, baraza la sanaa la huko. Serikali ya mtaa ipewe barua, na polisi pia: sheria ya Tanzania inataka taarifa ya mkusanyiko wa hadhara angalau saa 48 kabla, nawe peleka mapema zaidi. Kenya taarifa kwa polisi ni kati ya siku 3 na 14 kabla. Barua iseme kwa maneno mepesi nini kitatokea: watu 12 watajifanya wanasubiri chombo, watasukumana kwa mpango, watamaliza saa fulani. Nakala ya kila barua iwe mfukoni mwa mtu asiyecheza, kwa sababu atakayekuja kuuliza hatasubiri dakika 24.

Hatua ya 8: Siku ya onyesho

Madansa wafike mmoja mmoja wakiwa na nguo za kawaida, waanze kusubiri kabla ya yeyote kujua kuna onyesho. Wengine wataanza kuulizana hapa tunasubiri nini. Wachache watapanga foleni kweli. Waacheni wapange.

Watazamaji wakishagundua, watafanya duara. Duara la mtaani halihitaji kufundishwa. Litajaa na kusogea ndani hadi madansa wakose pa kukanyaga. Weka wasaidizi wawili wanaozunguka taratibu kwenye ukingo, kwa upole: "Shikamoo mama, tusogee kidogo, watoto wakae mbele." Ukiwa kwenye mchanga au vumbi, mwaga maji kufuata mduara kabla ya kuanza, watu huogopa kuchafua viatu kuliko wanavyoogopa kamba. Acha pengo la mita mbili upande mmoja ili anayetaka kuondoka aondoke.

Kuna maneno yasiyotamkwa kabisa kwenye onyesho la hadhara: "Mwizi!" na "Moto!" Mtu wa mbali asiyejua kuna mchezo ataitika kwa jiwe mkononi au kwa kukimbia na kumkanyaga mtoto. Ukitaka kutunga kuhusu umati unaompiga mtu, fanya ukumbini, mlango umefungwa na kila aliyeingia anajua alichokuja kuona.

Na usimuige mtu kwa kumdhihaki. Omba-omba, mlevi wa stendi, mtu mwenye ulemavu kwenye foleni, watazamaji watacheka haraka sana, na kicheko hicho kitakula kazi yako yote.

Kwenye kutawanyika, kila dansa atoke kwa upande wake na aendelee kutembea hadi asionekane. Hakuna kurudi kuinamia makofi. Wawili wabaki wakitazama juu, mahali pasipo na kitu. Hapo ndipo namba za Milgram zinafanya kazi: acha wapita njia waliokuta mwisho waanze kutazama nao, halafu hao wawili nao waondoke.

Baadaye

Kutaneni sehemu mliyokubaliana, mbali na uwanja, mlipane posho siku hiyohiyo, na kabla ya kula kila mtu aseme ni lini alivunja kanuni yake na kwa nini. Wasaidizi wa ukingoni waseme duara lilibana dakika ya ngapi. Hapo ndipo pa kupanua nafasi mara ijayo. Onyesho la pili liweke ndani ya wiki hiyo, mahali palepale, saa ileile, ila badilisha anayeanza kusimama.